Kwenda Sitges ukiwa Barcelona: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia miezi ya joto simu yangu inajaa meseji za watu wanaokuja Barcelona, ndugu, marafiki, rafiki wa rafiki, na wakishamaliza mambo ya viza swali linalofuata ni hilohilo, bahari nzuri iko wapi. Mi nawaambia wote, pandeni treni nendeni Sitges. Basi hapo ndo maswali yanaanza kumiminika, nikaona niyaweke sehemu moja nisirudie kuandika. Mi ni mtu wa Tanga, nakaa huku mwaka wa tisa sasa, na huo mji nimeshauenda jua, mvua, sikukuu na siku za kawaida, kwa hiyo nayoandika nimeyaona.

Sitges ndo wapi hasa, na inatamkwaje?

Iko Hispania, jimbo la Catalonia, kama kilomita 35 kusini magharibi ya Barcelona, imekaa katikati ya bahari na milima ya Garraf. Wakazi kama elfu 30 hivi. Wenyewe wanatamka karibu na "Sijes", mkazo unaweka mwanzoni. Kwa mtu wa Dar nadhani mfano wa karibu ni Bagamoyo, yani mji mkubwa uko pale karibu lakini ukishuka tu unajua umefika mahali pengine, vichochoro vyembamba, nyumba nyeupe, kanisa la zamani linaangalia bahari, na watu hawakimbii.

Viza nahitaji?

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, ndiyo, unahitaji viza ya Schengen, yani ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Hispania ikiwemo. Ada ni euro 90 mtu mzima, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, bima ya safari lazima iwe ya euro 30,000 kwenda juu, na viza hiyo haizidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Usisubiri hizo siku 15 tafadhali, nafasi za miadi zinajaa mapema sana kabla ya kiangazi. Kama utafikia kwa mtu badala ya hotelini, mwenyeji wako huku anatakiwa aombe barua ya mwaliko polisi, wanaiita carta de invitación, na hiyo barua inachukua muda, so mwambie aanze mapema, nimeona mtu kakata tiketi na likizo kaomba halafu barua haijatoka.

Mwenye kibali cha kukaa nchi nyingine ya Schengen, mfano Ujerumani au Uholanzi, anakuja na kibali chake na pasipoti tu. Mnaokaa Uingereza msichanganye, kibali cha Uingereza huku hakifanyi kazi, mtaomba viza kama wengine.

Treni napandia wapi na ni shilingi ngapi?

Treni ya mji na vitongoji, laini inaitwa R2 Sud. Unaweza kupandia Estació de França, Passeig de Gràcia au Barcelona Sants. Kwa mgeni nashauri Sants maana ni kubwa na ina vibao vya kutosha, ila angalia ubao vizuri, treni iwe ya R2 Sud na iandikwe Sant Vicenç de Calders au Vilanova, maana laini ya R4 nayo inaandikwa Sant Vicenç de Calders lakini haipiti Sitges. Safari ni dakika 35 mpaka 45. Tiketi ya kwenda tu ni kama euro 5, unakata kwenye mashine, kadi inakubali.

Sasa hapa watu wengi wanaumia. Ile kadi ya safari 10 ya kanda ya kwanza mnayotumia kwenye metro ya Barcelona HAIFIKI Sitges, Sitges iko kanda ya 4. Hata ile kadi ya watalii ya siku kadhaa haifiki. Mageti ya Sants yatakuruhusu kuingia, utajiona uko sawa, lakini kule unakoshuka geti halifunguki na faini ipo.

Ukipanda kaa upande wa kushoto, yani kushoto kwa kuangalia treni inakoenda. Ukishapita Castelldefels milima inaisogelea bahari mpaka reli inakosa pa kupita, unaingia kwenye matundu ya mlima, giza, halafu ghafla mwanga na bahari iko chini ya dirisha kabisa, giza tena, bahari tena, hivyohivyo mara kadhaa. Watoto wanapiga kelele kila ikitokea. Nikiwa na mgeni namnyima simu dakika hizo kumi aangalie kwa macho yake kwanza.

Nikitokea uwanja wa ndege moja kwa moja je?

Huna haja ya kuingia Barcelona. Kwenye jengo la pili la uwanja, T2, kuna stesheni, unapanda treni kituo kimoja tu mpaka El Prat de Llobregat, unashuka, unabadilisha kwenda R2 Sud. Kama umeshukia T1 kuna basi la bure la uwanja linakupeleka T2. Mabasi ya kwenda Sitges moja kwa moja pia yapo. Teksi ipo ila bei yake ni ya kugawana watu wanne.

Siku moja inatosha?

Inatosha kuoga baharini na kupiga picha. Ila kama una uwezo wa kulala usiku mmoja, lala. Mchana mji unakuwa wa wageni, ikifika saa moja jioni watu wa treni wanaanza kuondoka, na kufika saa mbili hivi wenyeji wanatoka. Wazee wanakaa kwenye mabenchi ya Passeig, ile barabara ndefu ya kutembea kando ya bahari, watoto wanacheza mpira mbele ya kanisa, kina mama wamebeba viti vyao. Hiyo ndo Sitges niliyoipenda mi, inanikumbusha baraza za nyumbani jioni, na mtu aliyekuja saa tano akaondoka saa kumi na mbili hajaiona hata kidogo.

Mwezi gani mzuri?

Juni na Septemba. Agosti kunajaa mno, jua kali, bei za hoteli zinapanda sana na kupata mahali pa kutandika taulo ni shughuli. Septemba maji bado yana joto la kiangazi ila watu wamerudi makazini. Mei ni nzuri kwa kutembea, maji bado baridi. Desemba mpaka Februari mi naenda pia, kuna siku jua linatoka safi kabisa unakula nje na sweta, ila kuoga baharini sahau.

Bahari yenyewe ikoje? Kama ya kwetu?

Siyo kama ya kwetu, na mtu wa pwani ataona tofauti mapema. Kwanza joto. Agosti maji yanafika nyuzi 25 hivi, vizuri tu, lakini Mei au mwanzoni mwa Juni mtu aliyezoea Pangani atapiga yowe. Chumvi pia ni kali kidogo, inakuelesha vizuri.

Kubwa zaidi ni maji kupwa na kujaa. Mama yangu alipokuja kunitembelea tulikaa kwenye ngazi za kanisa toka asubuhi, kakunja kanga yake miguuni, anaangalia chini tu. Nikajua kachoka. Kufika saa tisa hivi akaniuliza, "Mwanangu, haya maji yanatoka saa ngapi?" Alikuwa ameweka alama kwenye jiwe moja jeusi, anasubiri lionekane lote. Nikamwambia mama huku maji hayatoki, Mediterania imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, yanapanda na kushuka sentimita chache hata huoni, wakati kwetu Tanga ni mita 3 na zaidi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Sasa wanawake wa huku wanaokota nini?" Sikuwa na jibu. Mama kakulia kwenye kuokota chaza na pweza maji yakitoka, na mpaka leo nikifika pale nalitafuta lile jiwe.

Faida yake ni kwamba huna haja ya kupangia saa, maji yako palepale asubuhi na jioni. Fukwe ziko 17. Ya Sant Sebastià iko upande wa pili wa kanisa, ndogo, ina nyumba za rangi nyuma yake, mi ndo ninayoipenda. Ya Ribera na ya Fragata ziko upande wa Passeig, kubwa, kuna mabomba ya kujisuuza na waokoaji wakati wa kiangazi. Angalia bendera, nyekundu usiingie, hata kama unaona mtu mwingine kaingia.

Nimesikia kuna fukwe watu wanakaa uchi, ni kweli?

Kweli, na bora ujue mapema kama unakuja na wazazi au watoto. Balmins, iliyo baada ya Sant Sebastià ukielekea bandari ya Aiguadolç, ni mchanganyiko, wengine wamevaa wengine hawajavaa. Nyingine iko mbali kabisa upande wa kusini magharibi nje ya mji, huko hufiki kwa bahati mbaya. Fukwe za katikati ya mji watu wanavaa, ingawa wanawake kuacha kifua wazi ni kawaida Hispania nzima na hakuna anayekodoa macho. Kuvaa nguo ndefu ya kuogelea ya kufunika mwili pia hakuna atakayekusemesha, dada yangu kaogelea hivyo kila alipokuja.

Ukiondoa bahari kuna nini?

Hapa nivumilieni nina mengi. Ukitoka stesheni usikimbilie baharini. Tembea polepole, utapita mitaa yenye majumba makubwa, madirisha ya chuma iliyosukwa, maua ya kuchongwa kwenye kuta, mitende kwenye bustani. Mmoja wa mitaa hiyo unaitwa Illa de Cuba, maana yake kisiwa cha Cuba. Nilipita hapo miaka miwili kabla sijauliza, Cuba imefikaje huku?

Ni hivi. Mwaka 1778 mfalme wa Hispania alifungua biashara kati ya bandari nyingi za nchi na makoloni ya Amerika. Sitges wakati huo ulikuwa mji wa wavuvi na wakulima wa zabibu, ardhi kidogo, urithi anachukua mtoto wa kwanza, wadogo zake wajitafutie. Basi vijana wakaanza kupanda meli, wengi bado watoto kabisa, wanaenda Cuba na Puerto Rico kwenye duka la mjomba, wanalala chini ya meza ya duka, wanatuma hela nyumbani. Wengi hawakurudi. Waliofanikiwa walirudi wakiwa watu wazima, wakajenga haya majumba, wakachangia shule, hospitali, taa za mtaani. Mji mzima ukawaita "americanos".

Niliposoma hiyo habari nilisimama pale mtaani nikaangalia zile nyumba upya. Sisi tulioko ughaibuni si ndo tunafanya hichohicho? Unabeba maboksi miaka kumi, unatuma tofali, unatuma bati, unatumiwa picha ya msingi, unajenga nyumba kijijini ambayo labda utalala wiki tatu kwa mwaka. Na mitende ile kwenye bustani waliipanda makusudi, mtu akipita ajue hapa kakaa mtu aliyevuka bahari akarudi. Hata kijana aliyekuja kuanzisha kampuni ya pombe ya Bacardi, Facundo Bacardí Massó, kazaliwa Sitges mwaka 1814, akaondoka 1830, kampuni akaianzisha Santiago de Cuba mwaka 1862. Na reli uliyokuja nayo iliyofika hapa mwaka 1881, aliyeipigania ni Francesc Gumà i Ferran, mtu wa mji jirani wa Vilanova aliyepata mali yake Cuba.

Ila nyingine lazima niiseme. Utajiri wa Cuba karne ya 19 ulisimama juu ya sukari, na sukari ililimwa na watumwa walioletwa kutoka Afrika, wengine walitolewa mpaka Msumbiji. Utumwa Cuba ulikomeshwa 1886 tu. Siyo kila aliyerudi alikuwa mfanyabiashara ya watumwa, wengi walikuwa wauza duka, lakini uchumi wote walioulia ulikuwa huo. Mtu aliyewahi kusimama Bagamoyo atalielewa hili haraka, kuta nzuri za mji wa pwani zina watu nyuma yake ambao hawana jina popote. Mi nayapenda yale majumba na bado nikipita hapo nawakumbuka hao.

Makumbusho yanafaa au ni kupoteza hela?

Yanafaa, nenda Cau Ferrat. Ilikuwa nyumba ya mchoraji Santiago Rusiñol, alinunua nyumba mbili za wavuvi zilizo juu ya mwamba baharini miaka ya 1890 akaziunganisha. Jina lenyewe lina maana ya pango la chuma, kwa sababu alikuwa anakusanya vyuma vilivyofuliwa zamani, makomeo, vitasa, vinara vya mishumaa, misalaba, vimejaa ukutani. Mtu anayependa milango yetu ya Zanzibar na Lamu atakaa humo masaa. Mwaka 1894 huyo bwana alinunua Paris picha mbili za El Greco, mchoraji aliyekuwa amesahaulika kabisa wakati huo, akazileta Sitges na watu wakazipokea kwa maandamano mpaka nyumbani. Ziko humo mpaka leo. Ila ninachokumbuka zaidi mi ni dirisha la chini, bluu ya kuta inakutana na bluu ya bahari, na mawimbi unayasikia chini ya miguu.

Jirani yake ni Maricel, jumba ambalo tajiri wa Kimarekani Charles Deering alilijenga kuanzia 1910, msanii Miquel Utrillo ndo aliyelisimamia. Tiketi moja inaingiza kote. Jumatatu wanafunga.

Wanakula nini?

Chakula cha mji ni xató, tamka "shato". Ni saladi ya majani machungu kidogo, samaki jodari, dagaa wa chumvi, zeituni, na bacallà, ambaye ni samaki aliyekaushwa kwa chumvi, kwa ufupi ng'onda. Wanamloweka maji yabadilishwe mara kadhaa, wanamchambua kwa vidole, halafu juu mchuzi mzito wa lozi, pilipili kavu isiyowasha, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na siki. Msimu wake ni majira ya baridi. Wali pia wanapika vizuri, ila wanaweka katikati ya meza kwenye sufuria pana na unakuja hauna nazi, usitegemee.

Saa za kula ndo tatizo la wageni. Chakula cha mchana ni kuanzia saa saba na nusu mpaka saa kumi, usiku jiko linafunguliwa saa mbili na nusu au saa tatu. Ukienda saa kumi na moja na njaa yako utapata kahawa na mkate. Mchana wa siku za kazi omba menú del día, yani chakula kamili cha bei moja, sahani mbili, kitamu cha mwisho na kinywaji, euro 15 mpaka 20 na kidogo. Usikae mgahawa wa mstari wa mbele baharini, rudi nyuma mitaa miwili bei inashuka.

Halali napata?

Sitges yenyewe nyama halali ni ngumu, mi huwa nakula samaki tu na nashiba. Uliza kabla, maana nguruwe wanamtia hata mahali usipotegemea, kwenye supu, kwenye maharage, kwenye mboga. Sema "sense porc" kwa Kikatalani au "sin cerdo" kwa Kihispania. Wali unaoitwa arròs a la sitgetana jihadhari nao, unasikia samaki na kamba kumbe ndani mna soseji ya nguruwe. Xató haina nguruwe. Ukitaka kuku au nyama kwa uhakika kula Barcelona mtaa wa Raval, Wapakistani na Wamoroko wako tele, mabucha ya halali yako kila kona na nyumba za kusalia zipo hukohuko.

Wanaokunywa mvinyo wataulizia malvasia ya Sitges, mtamu, wa zabibu za hapo. Kisa chake kizuri hata kwa asiyekunywa. Zabibu hizo zilikuwa zinakaribia kupotea, miaka ya 1930 mwenye shamba, Manuel Llopis, akaliacha kwa hospitali ya mji ya Sant Joan Baptista kwa sharti kwamba waendelee kuzilima. Sisi tungesema kaweka wakfu. Na hospitali imelishika sharti mpaka leo, mapato yanarudi kuhudumia wazee.

Sikukuu ipi nisiikose?

Sikukuu kuu ya mji ni ya Mtakatifu Bartholomayo tarehe 24 Agosti, usiku wa tarehe 23 fataki zinarushwa toka kwenye mwamba wa kanisa. Kuna majitu makubwa ya kubebwa yanacheza ngoma, minara ya watu kupandiana mabegani mpaka mtoto mdogo anafika juu kabisa na kuinua mkono, na kuna mashetani wa moto wanaokimbia na cheche mtaani. Ukitaka kuingia kwenye hao wa moto vaa pamba mikono mirefu, kofia, viatu vya kufunika, nguo ya nailoni acha nyumbani, cheche zinatoboa. Rafiki yangu kaharibu gauni la kitenge jipya usiku mmoja.

Kanivali ni Februari au mwanzoni mwa Machi, maandamano makubwa ni Jumapili na Jumanne usiku, treni zinajaa kupita kiasi. Oktoba kuna tamasha la filamu za kutisha na za ajabu, lipo toka 1968. Ila kama ungenilazimisha nichague moja ningechagua Corpus Christi, mwishoni mwa Mei au Juni, wenyeji wanatandika mitaa mazulia ya maua, petali kwa petali, bibi na mjukuu wamepiga magoti pamoja kuanzia asubuhi.

Ni kweli ni mji wa wapenzi wa jinsia moja?

Sitges inajulikana Ulaya nzima kwa kuwapokea, kwa miongo mingi sasa, utaona bendera za upinde wa mvua na wanaume au wanawake wameshikana mikono. Pia utaona familia za watoto wanne, masista wa kanisa na wazee wa miaka tisini, wote barabara moja. Watu wanaishi pamoja kwa heshima, ukija na heshima utapewa heshima.

Mtu mweusi anachukuliwaje?

Nasema nilichokiona mwenyewe. Madukani na migahawani sijawahi kunyimwa huduma. Kuna ndugu zetu Wasenegali wanauza mikoba na miwani kando ya bahari, kwa hiyo wazungu wengine watalii wanaweza kukudhania unauza kitu, imenitokea, inauma. Polisi kukuomba karatasi pia inaweza kutokea, zaidi stesheni, kwa hiyo tembea na pasipoti au kibali, na nakala yake iwe kwenye simu. Hao Wasenegali wasalimie, ukisema "salaam aleikum" unapata tabasamu na maelekezo bora kuliko ramani.

Wizi je?

Wa kutumia nguvu ni nadra, wa kuchomoa upo sana, hasa Sants, kwenye treni na kwenye taulo wakati uko majini. Begi likae mbele ya kifua, simu usiweke mezani ukiwa unakula nje. Ufukweni ogeleeni kwa zamu. Likitokea la kutokea namba ni 112.

Lugha itanisumbua?

Wanaongea Kikatalani na Kihispania, vijana na watu wa hoteli Kiingereza kidogo. Jifunze "bon dia", habari za asubuhi, "si us plau", tafadhali, na "gràcies", asante. Na usiingie dukani kimya. Huku ukiingia unasalimia kwanza, kama hodi kwetu, ukianza moja kwa moja na "bei gani" wananuna na wana haki.

Nilale wapi?

Katikati ya mji wa zamani ni pazuri ila siku za wikiendi kelele za baa mpaka alfajiri, hasa karibu na mtaa wa Primer de Maig. Wenye watoto au wazee tafuteni upande wa Sant Sebastià. Kuna kodi ya utalii kwa kila mtu kwa usiku, haimo kwenye bei ya mtandaoni mara nyingi, watoto wa miaka 16 na chini hawalipi. Ukikodi nyumba hakikisha tangazo lina namba ya leseni inayoanza na HUT. Mi mwaka mmoja nilikodi ya bei rahisi isiyo na namba, nikafika na wageni saa nne usiku, mwenye nyumba hapokei simu, tukalala stesheni mpaka treni ya asubuhi, na hela sijaiona mpaka leo. Ndo maana nasisitiza.

Mzee au mtu wa magoti ataweza?

Kutoka stesheni mpaka baharini ni dakika 10 za kutembea, mteremko kidogo, kurudi ndo kupanda. Passeig ni tambarare kabisa. Ngazi za kanisa ni nyingi ila unaweza kulifikia kanisa kwa nyuma kupitia vichochoro bila ngazi nyingi. Mama alipumzika mara mbili tu.

Nikibaki na muda kuna nini karibu?

Kijiji cha Garraf, kituo kabla ya Sitges, kina vibanda 33 vya mbao, kijani na nyeupe, vimekaa mstari mmoja juu ya mchanga. Mbele kidogo ya Sitges ni Vilanova i la Geltrú, ina makumbusho ya reli yenye vichwa vya treni za moshi, wanangu hawatoki humo. Vilanova ni mji wa kazi, samaki wanashushwa kila siku, na bei za vyakula ziko chini.

Treni ya mwisho kurudi Barcelona saa ngapi?

Ratiba inabadilika, kwa hiyo ukishuka tu asubuhi piga picha ubao wa stesheni. Ratiba zao zinahesabu saa 24, 22:00 ni saa nne usiku yetu, na kuna watu wamekosa treni kwa kuchanganya hapo. Mi huwa nahakikisha niko stesheni kabla ya saa nne, na treni huwa zinachelewa au kukatwa, usipange kupanda ile ya mwisho ukiwa na ndege asubuhi. Ukiikosa kuna basi la usiku la kwenda Barcelona. Jioni ukirudi bahari iko upande wa kulia.